Mlango Uliotazama Kilima

Mwenyekiti amefariki. Binti yake alinipigia simu juzi asubuhi, natoka kununua mkaa hapa Kizwite, na aliposema "mwenyekiti ametutoka" sikuhitaji kuuliza yupi. Cheo chenyewe alikiacha zamani sana, na baadhi ya waliomfuata kwenye kiti kile wamekwisha kuzikwa, lakini kijiji chake hakikuwahi kumwita jina jingine, wala mimi. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba kabla sijaanza kuwachosha kwa safu hii nilikuwa Bibi Maendeleo, niliyeletwa Sumbawanga kutoka kwetu Mbeya na sanduku la bati na sweta moja isiyofua dafu mbele ya baridi ya Ufipa. Kijiji chake kilikuwa kando ya barabara iendayo Laela. Nilifanya kazi pale miaka ile watu walipotolewa kwenye makazi yao yaliyotawanyika wakakusanywa kijijini. Mwanzoni nilimwogopa, kisha nikamchukia kidogo, na mwisho nikampenda kama kaka yangu wa tumbo moja, na hayo mapenzi yalianzia kwenye mlango.

Lazima niseme kwanza kwamba marehemu alipenda mstari ulionyooka kuliko alivyopenda chakula. Alikuwa na kamba ya katani aliyopimia nyumba, na alitembea nayo kila mahali. Jumapili aliikunja akaiweka chini ya benchi kanisani, na nina hakika wakati wa mahubiri alikuwa akikagua kama mabenchi yamekaa sawa. Agizo lilisema nyumba zijengwe kwa safu na milango yote itazame barabara, ili mgeni akipita aone watu walioamka. Lilitoka juu, lakini yeye alilitetea utadhani alilitunga mwenyewe. Shida ni kwamba kwa nyumba za upande mmoja, kutazama barabara kulikuwa kutazama upepo, na upepo wa uwanda ule haupunguzwi na mti wala kitu. Kule walikotoka, kila mtu alijenga akiupa upepo mgongo. Mzee mmoja ambaye mkewe alikuwa na kifua kibovu aliweka mlango wake nyuma, kimyakimya. Mwenyekiti alimbomolesha ukuta, mlango ukahamishiwa mbele. Mzee alifanya alivyoambiwa bila kubishana, ila tangu siku ile hakukaa tena na mwenyekiti kwenye chungu kimoja cha pombe ya ulezi, na kwa watu wale hilo ni neno zito kuliko tusi.

Mwenyekiti alikuwa na mama yake, bibi mwembamba mwenye sauti ndogo. Kule makazi ya zamani alikuwa ameanza kusahau, lakini kusahau kwa kawaida, kuita wajukuu majina ya baba zao, kutia chumvi mara mbili. Alipohamishiwa kijijini akapotea kabisa. Nyumba zote zilikuwa pacha: udongo ule ule, nyasi zile zile, mlango mahali pale pale. Akitoka kuota jua hakujua arudi wapi. Aliingia nyumba yoyote, akakaa, akaanza kuchambua maharage ya watu. Wenye nyumba walimwacha achambue, wakampa uji, kisha wakamshika mkono wakamrudisha. Lakini siku moja alimwambia mama wa watu atoke jikoni mwake, akalia kwa uchungu wa mtu aliyeporwa. Siku nyingine akakutwa barabarani, hana viatu, baridi inauma, anarudi kule alikotolewa. Watu wakaanza kunong'ona, na huku kwetu minong'ono kuhusu bibi kizee haihitaji kuni nyingi ili iwake. Mwanawe akashikwa na hofu. Akaenda mjini akanunua kufuli.

Asubuhi moja nilipita kumjulia hali. Kufuli lilikuwa linaning'inia mlangoni na watu wote wako shambani. Kabla sijafungua mdomo, hodi ikapigwa kutoka ndani.

"Hodi wenyewe," alisema bibi, kwa adabu, kama mgeni asiyetaka kusumbua. "Nimefika kwangu. Naomba mnifungulie."

Nililia pale mlangoni, na sioni haya kusema. Kisha nikaenda hadi shambani, ambako mwenyekiti alikuwa akipanda ngano ya kijiji, tena kwa mistari, nikamwambia nilichosikia. Alikuwa na majibu tayari: kwamba mimi ni mgeni, kwamba fisi hawachagui mama wa nani, kwamba nikiwa na njia bora niilete. Sikuwa nayo. Nilimwomba tu aje asikie mwenyewe. Alikuja, jembe begani, akasimama mbele ya mlango ule akasikiliza hodi ya mama yake mara moja, na ya pili. Akafungua kufuli, akalitia mfukoni mwa koti, akaketi kizingitini. Mama yake akamkaribisha ndani, akamuuliza kama ametoka mbali.

Kesho yake aliniomba tumsindikize bibi kwenye mahame yao. Nyumba ilikuwa imeezuliwa, kuta zimeliwa na mvua hadi kifuani. Nilidhani tunakwenda kumwonyesha mama kwamba hakuna kitu tena, aache kutoroka. Tulipofika akatuachia mikono. Alipita penye pengo la mlango akiinamisha kichwa chini ya boriti ambayo haikuwapo. Mkono wa kulia ukaenda moja kwa moja kwenye jiwe la kusagia, nalo lilikuwapo. Akavua kanga ya mabegani akaitundika kwenye kijiti kilichochomoza ukutani, wala hakukitazama. Akazunguka nyuma penye kihenge cha ulezi, akarudi, akaketi akitazama kilima. Uso wake ulitulia namna ambayo sikuwahi kuiona kijijini. Akatuuliza mbona tumesimama nje kama watoza kodi, karibuni.

"Huku anajua kila kitu," mwenyekiti aliniambia. Kamba ilikuwa mkononi, naye alikuwa akiivuta vuta bila kujua. "Kule nimempa nyumba ya mtu mwingine."

Kumrudisha haikuwezekana, maana asingeishi peke yake katikati ya magofu. Basi akaamua nyumba ya kijijini ndiyo imfuate mama. Kilima kile kile kilionekana kutoka kijijini, ila kilikuwa nyuma ya safu, upande ambao agizo lilikataza milango. Mwenyekiti angeweza kugeuza mlango wa mama yake akanyamaza, nani angemuuliza? Lakini kulikuwa na mzee yule, na kulikuwa na ukuta uliobomolewa. Akaitisha mkutano. Alisimama mbele ya watu akaeleza yote, hadi kufuli, na nilimwona mtu yule mwenye amri akitafuta maneno kama mtoto aliyeitwa ubaoni. Akaomba ruhusa ya kijiji. Macho yote yakamgeukia mzee. Alichukua muda wake kusimama, na kwa maoni yangu alikuwa na haki ya kuchukua hata zaidi.

"Mwenyekiti, mama yako ni mama yetu," alisema. "Mgeuzie mlango. Ila mke wangu naye bado anakohoa, na upepo haujahama."

Akaketi. Mwenyekiti alitazama chini, halafu akasema kwamba kesho asubuhi ataanza kwa mzee, na kwa mama yake atafuata.

Akafanya hivyo. Alikanyaga udongo kwa miguu yake mwenyewe, akaziba mlango wa mbele wa mzee na kufungua wa nyuma, huku mke wa mzee akiwa ameketi juani akimsimamia na kumwonyesha penye nyufa. Ndipo wakaja kwa bibi, na mzee akiwa mmoja wa wajenzi. Walifungua mlango kuelekea kilima. Jiwe la kusagia lilivutwa na ng'ombe kutoka mahameni, likawekwa mkono wa kulia wa anayeingia. Kijiti cha kanga kilichomekwa ukutani pale pale ambapo mkono wake ungekitafuta. Kihenge kikajengwa nyuma. Ukuta mdogo uliotenga kitanda na jiko ukaondolewa, ili akiamka aone moto na ajue yuko kwake. Mimi mchango wangu ulikuwa kuwazuia wanawake wasimpambie nyumba kwa udongo mweupe. Nilihofu wangempotezea tena kile alichokwisha kukipata.

Hakupona, nisiwadanganye. Alizidi kusahau, na mwishoni hata mwanawe alikuwa kwake kijana mmoja mkarimu anayeleta kuni. Lakini alitoka akarudi mwenyewe, na kanga yake ikakaa kijitini. Nikienda kumsalimu, mwenye kupiga hodi nilikuwa mimi. Wakubwa wa wilaya walipopita wakaona nyumba kadhaa zimeipa barabara kisogo, maana baada ya mzee wengine nao waligeuza, walimwambia mwenyekiti kwamba ameharibu mstari. Akawajibu kwamba mstari uko palepale, wachukue kamba wapime, ila watu wamegeukia wanakokujua. Walimkaripia sana. Msimu ule kijiji chetu hakikupelekewa mgeni yeyote wa kuonyeshwa maendeleo, na hatukumkosa.

Siku hizi Sumbawanga imejaa nyumba nzuri, nami nafurahi. Lakini naona vijana wetu wanavyomchukua mama kutoka kijijini anapoanza kusahau, wakamweka kwenye nyumba ya vigae vinavyong'aa kama maji, yenye korido na milango mitano inayofanana, choo kimejificha nyuma ya mmojawapo. Mama akijisaidia mahali pasipostahili wanasema amerudi utotoni. Akienda getini kila jioni wanasema anasumbua, na kufuli linanunuliwa. Wana upendo, sina shaka. Wamempa kila kitu isipokuwa kitu kimoja anachokijua. Hata kama huwezi kujenga upya, ng'oa mlango wa choo akione, tandika mkeka juu ya vigae, weka kigoda chake cha zamani mahali ambapo jicho lake litaangukia kwanza.

Nilisema binti wa mwenyekiti ndiye aliyenipigia simu. Yeye ndiye aliyemuuguza, kwa sababu maradhi ya bibi yalikuja yakamshika na mwanawe, mwenyekiti. Nilikwenda kumwona kabla ya mvua za mwaka jana. Hakunijua. Nilitazama mlango, nikitegemea kuukuta umegeukia kilima, nikaona unatazama barabara. Binti akacheka kwa jinsi nilivyoshangaa. Alikuwa amejaribu kilima, akasema, lakini baba hakukijali hata kidogo. Kilima kilikuwa cha bibi. Baba alikuwa akitoka nje akihangaika, anapapasa hewa, anatafuta kitu. Siku moja binti akavuta kamba kutoka mlangoni hadi chooni, na nyingine kutoka mlangoni hadi kwenye kiti chake kwenye baraza ya mbele. Baba akaishika, akainama akaipima kwa jicho moja, akatulia. Baadaye binti alipanga mawe yaliyopakwa chokaa chini ya kamba zile, na baba akayafuata hadi siku yake ya mwisho, hakupotea tena uani mwake. Kila asubuhi alisogeza jiwe moja au mawili kwa ncha ya kiatu, ili yakae sawa.

Tulimzika jana. Jeneza lilipotolewa, wabebaji walianza kukata uani kwa njia ya mkato, na watu wa umri wangu tukawazuia karibu kwa sauti moja. Wakarudi, wakapita kando ya mawe.

Nami sasa nina umri wa kuingia chumbani nikasahau nilifuata nini. Wanangu wanasoma safu hii, hata wanaosema hawaisomi, kwa hiyo nawaambia hapa. Siku nikianza kupotea, msinunue kufuli, wala msinipe kilima cha bibi wa watu au kamba ya mwenyekiti. Mlango wa jikoni kwa mama yangu ulitazama migomba. Ndoo ya maji ilikuwa mkono wa kushoto, na kata iliyoelea ndani yake ilikuwa ya bati, imebonyea mdomo. Nimeandika ningali najua.