Nilikula, Sista

Majina ya watu wote wa misheni ile ninayo kichwani, mpaka la mpishi wa uji, ila siyaandiki. Wajukuu zao wapo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa msichana wa kuvunja ungo juzijuzi tu. Shule niliishia darasa la pili. Misheni moja huko kwetu Iringa ikanipokea kwenye chumba cha kushonea, na mimi nilichokitaka duniani kilikuwa hicho tu: nijue kukata na kushona, siku moja nikae nyuma ya cherehani yangu.

Sista aliyetufundisha alitoka Hispania. Wenzake wote pale walikuwa Wataliano, kwa hiyo lugha ya kwao hakuwa na wa kuzungumza naye. Akatufundisha sisi wasichana vineno viwili vitatu, nadhani apate kuisikia tu. Asubuhi anasimama mlangoni, anamuuliza kila mmoja, "Komiste?" Maana yake, ulikula? Ukijibu "komi", nilikula, unaingia kushona. Ukisema hapana, unapita jikoni kwanza, unapewa kikombe cha uji.

Wasichana waliolelewa palepale misheni walisema hapana bila haya, hata siku waliyokula. Wanarudi midomo inang'aa, wananicheka: "Wewe wa kijijini, tumbo lako bati, halisikii njaa?"

Mimi mama yangu alinifundisha kwa kofi. Kwenye nyumba ya watu, ukiulizwa umekula, wewe umekula. Ukisema una njaa umemtangaza mama yako. Basi mimi kila siku komi, Sista, naye anafurahi ninavyolitamka vizuri, ananishika shavu, naingia.

Mwaka ule mvua ilichelewa. Ghala letu likaisha na mahindi shambani yalikuwa bado kutoa hata ndevu. Jioni tulikula majani ya maboga yaliyochemshwa na chumvi, asubuhi maji ya moto, halafu napanda mlima, nashuka, napanda mwingine mpaka misheni.

Nikaanza kuanguka. Mara ya kwanza wenzangu walisema ni usingizi. Mara ya pili niliiangukia meza ya kunyooshea nguo, pasi ya mkaa ikadondoka karibu na uso wangu, ikaunguza kitambaa cha altare. Sista aliniinua. Akaniuliza lile neno lake, taratibu, kama mtu anayeomba. Nikajibu komi.

Sasa angefanya nini? Njaa nimekwisha kuikataa. Kilichobaki ni kifafa, na chumba kimejaa mkaa wa moto. Akamwita mama.

Mama alifika na kanga yake nzuri. Sista akamweleza kwamba mtoto ni mgonjwa na anaogopa ataungua. Mama akamsihi nishone tu, pasi wanyooshe wengine. Nilimwona Sista anaanza kulegea. Akatutazama mama na mimi, akatutazama tena, kisha akauliza kwa Kiswahili, "Mama, mtoto nyumbani anakula?"

Mama hakunitazama. Mimi nilitazama sakafu.

"Anakula, Sista. Anakula vizuri."

Sista alitikisa kichwa. Alikunja gauni nililokuwa nalishona, la kwanza kukata mwenyewe, akampa mama, akasema nisirudi tena. Alilia, yule Sista.

Njiani mama alisimama kijitoni. Pale aliniosha uso kwa maji baridi, akaniuliza, "Ningemwambiaje, mwanangu?" Nimezeeka, na bado sijui angemwambiaje. Najua tu kwamba jikoni uji ulikuwepo, sufuria nzima, na sisi wawili tulisimama pale tukaupita.

Msimu uliofuata niliolewa Mbalizi, upande wa Mbeya, nikawa mtu wa jembe. Nguo zangu na za watoto nilipeleka kwa fundi wa sokoni. Nilikuwa nakaa kwenye benchi lake muda mrefu kuliko ilivyohitajika, namwangalia anavyogeuza kitambaa, mpaka ananiuliza kama kuna kitu kingine. Namwambia hakuna.

Lile gauni halikupata mikono. Sikujua inavyoungwa. Nililivaa hivyohivyo shambani, mabega nje, mpaka likachakaa.