Pasipoti Iliyokaushwa Juu ya Mafiga

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo damu inanichemka. Nilikuwa nimesimama kwenye uwanja wa ndege wa Goma, enzi zile bado unafanya kazi, nimevaa kitenge changu kizuri kuliko vyote. Kijana wa kampuni ya ndege akaishika pasipoti yangu kwa vidole viwili, kama mtu anayeokota panya aliyekufa, akainusa.

“Mama, hii kitabu iko nanuka moshi. Ulipika nayo?”

Akacheka, na waliokuwa nyuma yangu wakacheka naye. Sikucheka.

Nikueleze wewe ambaye labda umekulia mjini. Kwetu Ngungu, kusini mwa Masisi, mbegu ya maharage haiwekwi chumbani. Inafungwa vizuri, inapandishwa kwenye uchaga wa fito juu ya mafiga, moshi uikaushe na wadudu wasiiguse. Na kitu kingine chochote cha thamani hukaa hapohapo, kwa sababu risasi zikianza kulia, mama wa nyumba anajua mkono wake uende wapi hata gizani. Pasipoti yangu ilipotoka, mama yangu aliitazama mbele na nyuma, akaona hii nayo ni mbegu, akaipandisha. Mimi mwenyewe nilimshukuru. Ikakaa huko msimu mzima. Siku ya kuishusha, jalada lilikuwa limejikunja, kurasa zimekuwa rangi ya chai, na ile plastiki juu ya picha imevimba na kupasuka pembeni. Niliipangusa kwa kitenge, nikaona inatosha, maana uso wangu ulikuwa bado unaonekana.

Safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Mdogo wangu Riziki alikuwa Nairobi, mimba imefika mwisho, mume amemkimbia, na katika mji ule wote hakuwa na ndugu hata mmoja. Kwetu mwanamke hazai bila mkono wa mtu wake wa kushika. Nilimwahidi kwenye simu kwamba mkono huo utakuwa wangu.

“Ni sheria, Mama,” kijana akasema. “Plastiki ya picha imepasuka. Tukikupeleka, kule batakurudisha, na sisi tutalipa amande, faini ya nguvu. Hautapanda.” Kisha akashusha sauti kidogo. “Enda ku biro ya pasipoti, useme ilipotea. Batakupa ingine.”

“Haikupotea. Iko mu mukono yako.”

Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na isitoshe mimba haingojei biro. Wahenga walisema akufukuzaye hakuambii toka. Huyu wangu aliniambia, tena mara mbili, mpaka askari wa mlangoni akaja kunisindikiza.

Nilirudi nyumbani kwa pikipiki kupitia Sake, matope hadi magotini, nikilia njia nzima. Nilimkuta mama uani anachambua maharage. Nikaitupa pasipoti mbele yake.

“Mama, Riziki atazaa peke yake kwa sababu ya moshi yako!”

Nilidhani atalia, tulie wote wawili. Kumbe nilimkasirisha.

“Balikukataza nini?”

“Kupanda ndege.”

“Balikukataza kufika?”

Nikainama kuiokota pasipoti.

“Nakuuliza, wewe mutoto! Ule kijana alisema mudogo yako azae peke yake? Alisema vile? Ao ni wewe umeongeza?” Akasukuma ungo kando. “Moshi iko yangu, nimekubali. Lakini hii kulia iko yako. Ni kusema Nairobi imehama?”

Aibu niliyoiona hapo ilizidi ile ya uwanja wa ndege. Asubuhi yake aliuza mbuzi, hakuniuliza maoni, akanifungia mihogo na maharage ya kupika, akanirudisha barabarani.

Nilikwenda kwa basi, Goma hadi Kampala, Kampala hadi Nairobi, miguu imevimba kama viazi. Sitakuficha, nilikuwa na bahati. Afisa wa mpaka wa kwanza aliigeuza pasipoti, akanitazama, akatazama picha, akagonga muhuri huku anatikisa kichwa. Wa mwisho alinikalisha kwenye benchi mpaka dereva akaanza kupiga honi. Nikamwambia ukweli wote, moshi, mbegu, Riziki, na nikamwambia kwamba akinikatalia nitalala pale pale kwenye benchi lake na kesho atanikuta. Sijui ni huruma au alichoka kunisikiliza, lakini alinipitisha.

Nilimkuta Riziki ameshaingia kwenye uchungu. Hakunisalimu, hakuuliza nimekuja na nini. Alinyakua mkono wangu, akaubana mpaka mifupa ikalia, na hakuuachia hadi mtoto alipotoka. Kama ningebaki Ngungu nikililia ndege, angekuwa ameshika chuma cha kitanda.

Basi nisikilize. Pasipoti iweke mahali pakavu, ndani ya jalada gumu, mbali na moto na mvua. Mbegu ndiyo ya moshi. Yule kijana hakukosea sheria, alikosea kucheka, na hilo bado sijamsamehe na sina haraka. Lakini neno langu kubwa ni hili: mtu akikukatalia, msikilize vizuri amekukatalia nini, na usimwongezee. Akikunyima kiti, usimpe na safari. Akikunyima kazi, usimpe na akili yako. Sisi watu wa milima hii tumenyimwa mengi, na ubaya wetu ni kwamba tukisukumwa hatua moja, nyingine kumi tunarudi wenyewe. Usirudi hata moja ambayo hukusukumwa.

Mungu aliyetulinda kwenye kila kukimbia akupe miguu migumu na mdomo usioogopa meza ya mtu. Akuwekee mwisho wa njia mtu anayekungoja. Na yeyote atakayesimama mbele yako bila haki, Mungu amsogeze. Na Mungu akikawia, msogeze wewe. Amina.