Vidonge vya Dada

Dada yangu aliugua baada ya kujifungua mtoto wake wa pili. Hakuwa na homa wala kidonda. Alikaa tu kitandani akitazama ukuta, mtoto akilia kando yake. Nikahamia kwake Kianjokoma kumsaidia. Hospitalini Embu daktari alimpa vidonge vya kuondoa huzuni, na baada ya wiki kadhaa nikamsikia akiimba shambani, sauti ikitoka ndani ya ukungu kabla sijamwona mwenyewe.

Mimi sikuwa mgonjwa. Nilikula, nilichuma chai, nilicheka na majirani. Lakini ile sauti yake ilinitia wivu. Nikajiambia, ikiwa dawa imemtoa dada shimoni, mimi niliye juu ya ardhi itanifikisha wapi? Nikaanza kumeza kimoja kila asubuhi kutoka kwenye kichupa chake.

Siku za kwanza mdomo ulikauka na tumbo likachafuka. Kisha zikaja ndoto zenye rangi kali: marehemu baba akikata nyasi za ng'ombe, mlima ukiwa umesogea hadi uani. Nilipoamka hazikuondoka zote. Nilichuma chai kana kwamba vidole ni vya mtu mwingine. Haikuwa furaha. Ilikuwa shwari tu, nyeupe, isiyo na kingo. Majirani wakitania, nilitabasamu wenzangu wakiwa wameshamaliza kucheka.

Wakati huo dada aligundua kwamba vidonge vinapungua kabla ya siku zake. Alidhani anameza mara mbili na kusahau. Akaanza kuweka alama kwenye kalenda, na bado hesabu haikukubali. Siku moja tukimenya viazi aliniambia kwa sauti ndogo kwamba akili yake inarudi kulekule, na kwamba nikiona hali imezidi nimchukue mtoto. Nami nilimtazama kama mtu anayetazama mvua ikinyesha ng'ambo ya bonde. Nilijua ninapaswa kuumia, na sikuumia. Hilo ndilo lililonifungua mdomo.

"Ni mimi," nikasema. "Nimekuwa nikivimeza mimi."

Hakunigombeza. Aliweka kisu chini, akauliza kama nilikuwa na huzuni niliyomficha. Nikamwambia hapana, nilitaka tu kuwa kama yeye.

"Kama mimi?" akasema. "Mimi nilimeza ili nimsikie mtoto wangu akilia. Wewe ulikuwa unamsikia."

Kesho yake tulienda kwa daktari pamoja. Bila ukali alinieleza kwamba dawa ya mwenzako si ya kuonja, akanionyesha namna ya kuiacha polepole. Dada alifungia vidonge vyake kabatini, akatembea na ufunguo mwezi mzima. Sikumlaumu.

Wiki kadhaa baadaye, nikipeleka chai kwenye kituo cha kupimia majani, kikapu mgongoni, nikajikuta nalia. Aibu ilikuwa imefika, imechelewa, yote kwa pamoja. Nikaketi kando ya barabara mpaka ikapita. Karani wa mizani aliponiona macho mekundu aliuliza kama kuna msiba nyumbani. Nikamwambia hapana, niko sawa.