Mke Mwenzangu Aliyeitwa Nyar Remba

Nakumbuka siku moja ya soko mjini Awendo, mwanangu, ambayo hadi leo hainitoki. Nilikuwa mwalimu mpya na mke mpya, nimetoka chuoni nikiamini kwamba kila jambo la ndoa laweza kunyooshwa kwa maneno yaliyopangwa vizuri. Nilikuwa nikichagua omena, wale dagaa wa ziwani, muuzaji aliponitupia jicho.

"Madam, leo uko peke yako? Mke mwenzako umemwacha wapi?"

"Mke mwenza gani?"

"Si Nyar Remba! Jana alituvunja mbavu. Mwambie arudi. Wewe hata usipokuja, sawa tu."

Meza zote za jirani zikacheka.

Nyar Remba, yaani binti wa kisiwa cha Remba, alikuwa mume wangu. Siku za kazi Okoth alipima malori ya miwa. Jumamosi kikundi chake cha maigizo kilizunguka kambi za wakata miwa, naye alivaa gauni, akajifunga leso, akawa mchuuzi wa samaki mwenye maneno mengi. Kikundi kizima kilikuwa cha wanaume. Wazazi wa siku hizo hawakukubali binti apande lori akalale ugenini, na katika shule za wavulana pia, malkia na mama wa kambo wa kila mchezo walikuwa wavulana. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Mimi mwenyewe sikulionea haya lile gauni. Nilimwonea wivu mwanamke aliyekuwa ndani yake.

Maana alikuwa na kila nilichonyimwa. Okoth wangu alikula kimya, akajibu "ndiyo" na "sawa". Nyar Remba aliwashika watu mikono, akawauliza wameamkaje na wanaumwa wapi. Okoth hakujua rangi ya kitambaa changu cha kanisani, lakini leso ya Nyar Remba aliifua mwenyewe, akaianika kivulini isipauke. Niliitazama pale kwenye kamba, nikatamani upepo uichukue.

Basi nikampa sharti. Kikundi kilikuwa kimealikwa Homa Bay. Nikamwambia kwamba akienda na mwanamke yule, asinitarajie nyumbani akirudi. Hakubishana. Alisema tu, polepole, "Nikiwa yeye, napumua," kisha akaikunja leso na kunikabidhi. Nilikuwa nimeshinda, na nyumba ikawa kama ya msiba.

Wiki hiyo mama mkwe alikuwa mgeni wetu kutoka kisiwa cha Mfangano. Aliyasikia yote. Siku ya pili akaja jikoni, akavuta kigoda.

"Nyara," akaanza, yaani binti yangu kwa Kijaluo, "baba mkwe wangu alipofariki, ni mimi niliyevaa koti lake."

Desturi hiyo niliijua: wakati wa maombolezo, mwanamke wa boma huvaa nguo za marehemu, hushika fimbo yake, hutembea na kufoka kama yeye, na waombolezaji hucheka huku wakilia.

"Niliwaamuru shemeji zangu wasogeze ng'ombe, wakasogeza! Wanaume wazima! Nilipovua koti nililia kuliko wajane, na si kwa ajili ya mzee. Ile sauti ilikuwa yangu, nami nilipewa mchana mmoja tu wa kuitumia. Okoth ana Jumamosi zake. Wewe unataka kumzika mwanamke huyo akiwa hai, na hata salamu hujampa."

Nilikuwa na hoja za kumjibu. Chuo kilinipa nyingi. Badala yake nikainuka, nikaitoa ile leso nilikoiweka.

Jumamosi asubuhi, lori likipiga honi barabarani, nilimpelekea Okoth leso, nikamfunga mwenyewe. Sikufichi, mwanangu, wivu ulikuwa bado nami.

"Nyar Remba," nikamwita, "yule mume wangu ananionaje?"

Sauti ile laini, niliyoichukia nikiwa mbali nayo, ikanijibu. "Anakuogopa, dada. Kila akifungua kinywa unamsahihisha. Anakupenda, lakini kwako anajiona yuko kwenye mtihani."

"Mwambie mtihani umekwisha."

"Nitamwambia. Na wewe umwambie, asidhani nimetunga."

Akacheka, akapanda lori. Aliporudi alinikuta, nami nilimwambia.

Wivu haukuniisha siku hiyo, wala mwaka huo. Kuna Jumamosi nilimsindikiza nikiwa nimenuna njia nzima. Lakini niliacha kumpigania Okoth dhidi ya Okoth.

Sasa wewe, ambaye mumeo au kaka yako anavaa gauni mbele ya kamera ya simu, sikiliza. Usichome nguo zake. Usiwaulize majirani yeye ni nani, kwa kuwa hawajui. Huenda ni kazi, huenda ni mzaha, huenda ndipo anapopatia pumzi. Muulize mwenyewe, tena umuulize akiwa amezivaa, kisha uvumilie jibu. Na wivu ukikushika, mwambie umekushika. Usiuvalishe joho la maadili.

Mungu akupe nyumba ambamo hakuna anayelazimika kutoka nje ili asikike. Na wote walio ndani ya yule umpendaye, mwanangu, wapate nafasi mezani pako.