Kravate Kwenye Shingo ya Kapita

Nikinusa iodini, hata mlangoni mwa dispansari, namwona imbwa yetu Kapita amelala barazani kwetu Dilala, mjini Kolwezi, tumbo limeshonwa kama gunia la unga.

Daktari wa wanyama alikuwa amemtoa uvimbe. Shuleni nilisema ulikuwa mkubwa kama mudogo yangu, na mpaka leo sipunguzi. Alituachia amri moja: asilambe nyuzi, akizifungua mutamuzika. Ikabidi tumtafutie kola ya shingo, mdomo usifike tumboni.

Kwanza baba alikata ndoo. Kapita akaangusha meza, babula la makaa na nusu ya Kolwezi. Kunywa hawezi, kulala hawezi. Tukajaribu karatasi ngumu ya boksi la sabuni. Akaila. Tantine Mujinga, dada ya baba, alikuwa hajamsamehe Kapita kwa kumlia samaki wake wa chumvi. Alikaa pale akichekelea.

"Mumuache afe. Anakula kupita batoto."

Mama alikunja bulangeti kuukuu duara, kama nkata ile wanawake wanaweka kichwani chini ya beseni, ila nene, ya kujaza shingo nzima. Kapita alilalia pale kama kwenye mto, akanywa maji, akanyoosha ulimi kwenye tumbo, usifike. Ikabaki kuifunga. Kamba ilimkata. Baba akaingia chumbani, akarudi na kravate, ile tai yake ya arusi, laini, nyekundu.

Sasa mujue, miaka ile ya Zaïre kravate ilikatazwa. Wanaume walivaa abakosti, koti la kuvaliwa bila kravate, shingo wazi. Mwenye kravate alionekana anadharau nchi. Baba alifikiri sheria ile ni ya watu.

Asubuhi Mwilambwe, jirani aliyekuwa mkubwa wa chama kwenye avenue yetu, mtu wa kuku na kinyongo, aliingia uani, katika lupango yetu, bila hodi.

"Sitwayen, imbwa yako anavaa nini?" akamwambia baba, maana enzi hizo kila mtu aliitwa raia.

"Ni mugonjwa, tata. Balimupasula tumbo."

"Siulize ugonjwa. Unafundisha imbwa kucheka Serikali?"

"Ni ya kufungia tu, tata."

"Kufungia na hariri? Toa, ao twende ukaeleze mbele ya bakubwa."

"Akijilamba atakufa," mama akasema.

"Akufe. Amemaliza kuku zangu."

Baba alipiga magoti. Alivuta huku na huku, kifundo cha kravate kikagoma. Mwilambwe akamsukuma kando, akainama, na kwa vidole viwili tu kravate ikafunguka. Akaizungusha kwenye kiganja, akaitia mfukoni. Mama akavua kitambaa chake cha kichwa, akafunga nkata palepale, akakaza.

"Na hii, sheria gani inakataza?"

Mwilambwe akageuka, akaenda.

Kapita alipona. Sisi na nyumba ile salamu zilikufa. Maji machafu tuliyamwaga upande wao, nao majivu upande wetu. Nilimchukia yule mtu kwa chuki ya kuweza kuyeyusha shaba bila moto.

Siku ya arusi yangu, kravate zimekwisha kurudi, nilimwona bwana wangu akipigana na kifundo mbele ya kioo, jasho likimtiririka kama mchimbaji. Ndipo nilipovielewa vile vidole viwili. Vilikuwa vya mtu aliyevaa kravate miaka na miaka, akaizoea, kisha akaamriwa aiache na kuwavua wengine. Simpendi zaidi kwa hilo. Ila najua sasa kwamba asubuhi ile kuku hazikuwa neno. Aliona imbwa ameruhusiwa kitu alichonyimwa yeye.