Haitoki Mpaka Iimbe

Mimi si mtu wa kuomba msamaha hadharani, wanaonifahamu hapa Tukuyu wanalijua hilo, na waliowahi kugombana nami sokoni wanalijua zaidi. Lakini siku ile niliomba, tena nimesimama katikati ya duka la watu, kanga imelowa, balozi wetu wa nyumba kumi ananitazama kwa juu ya miwani yake. Nasimulia mwenyewe kabla Mama Bupe wa kikundi chetu hajawafikia, maana yeye ana simulizi yake, na katika simulizi yake mimi nalia. Sikulia.

Chanzo ni plasta. Huku kwetu jirani akifiwa, kila mwanamke anabeba vyombo vyake kwenda msibani, sufuria, sahani, ndoo, miiko, na siku ya kutawanyika vyote viko kwenye rundo moja uani na kila mtu anashika kinachong'aa zaidi. Kwa hiyo tunaweka alama. Kuna anayepaka rangi kitakoni mwa sufuria, kuna anayefunga uzi mwekundu kwenye mpini, na mimi nabandika plasta, ile ya kitambaa ya kufungia vidonda, halafu naandika jina kwa kalamu ya wino mzito. Shule niliishia darasa la tatu, lakini jina langu naliandika mpaka mtu aliye ng'ambo ya barabara analisoma. Miaka yote hii sijapoteza hata kijiko. (Mwiko mmoja tu, na aliyenao anajijua.)

Sasa, marehemu mume wangu, Asajile, alikuwa mwimbaji wa kwaya, sauti nzito ya chini kabisa, na kabla hajafariki kwaya yao ilirekodi nyimbo kumi kwenye CD. Zilitengenezwa nyingi lakini zimepotea, ninayojua imebaki ni ya kwangu. Upande wa juu imechapwa picha ya wanakwaya, na Asajile yuko mbele kabisa amevaa tai ya kuazima. Basi kuna wakati wanakwaya wapya waliniomba niwaazime wakajifunzie, na mimi kitu changu hakitoki ndani bila alama, nikachukua plasta. Nikataka kuibandika juu, nikaona hapana, nimbandike mume wangu plasta usoni? Nikaigeuza. Upande wa pili ulikuwa mtupu, hauna picha wala neno, unang'aa tu kama sahani mpya, nikaona huu ndio upande usio na kazi. Nikabandika kipande kirefu kuanzia kwenye tundu la katikati, nikaandika, nikairudisha kwenye mfuko wake. Wale wanakwaya hawakuja kuichukua, na deki yangu ilikuwa imeshaunguzwa na radi, kwa hiyo CD ikakaa kabatini chini ya vitambaa na mimi nikasahau kabisa.

Mwaka huu shemeji yangu Ambokile, kaka yake Asajile, akapeleka ujumbe kutoka Kisiba kwamba anahama. Macho yamemwisha, haoni hata mwanga wa dirisha, na binti yake ameamua kumchukua akaishi naye Sumbawanga. Akasema kabla hajaondoka anaomba kitu kimoja tu, asikie sauti ya mdogo wake, na kama inawezekana aondoke nayo kwenye karedio kake kanakochomekwa flashi. Nikamjibu njoo, hilo ni dogo. Tena nikawaambia akina mama wa kikundi chetu waje nao wamsikilize Asajile, maana wengi waliimba naye. Hapo hata sikuwa nimeuliza ni nani mjini mwenye mashine inayosoma CD siku hizi.

Anayo Zuhura. Ana duka la steshenari mtaa wa Bagamoyo, hapa hapa mjini Tukuyu, anatoa kopi, anachapa barua, anafunika daftari za watoto kwa nailoni, mwanamke mmoja mpole mwenye kauli nzuri, na mashine yake kubwa ya mezani ndiyo pekee niliyoambiwa ina mlango wa CD. Siku moja kabla Ambokile hajapanda gari la alfajiri la Sumbawanga, tukaingia dukani mimi, Ambokile ameshika karedio kake, Mama Bupe na wenzake wanne. Mvua ikatukuta mlangoni ikatulowesha, mvua yetu mnaijua, na watu wote waliokuwa barabarani wakajibanza kwenye kibaraza cha Zuhura. Kwa hiyo hadhira nilikuwa nayo.

Zuhura akanyoosha mkono apokee CD. Nikamwambia hii mkono wa mtu mwingine hauigusi, ni ya marehemu, nionyeshe tu inaingilia wapi. Akabonyeza, kikatoka kile kisahani, nikailaza mwenyewe, Asajile ametazama juu. Kikaingia. Tukangoja wimbo.

Ukatoka mngurumo, kama mashine ya kusaga inayozunguka bila mahindi. Ukanyamaza, ukaanza tena.

Zuhura akatazama kioo, akafungua sehemu nyeusi yenye maandishi meupe, akaandika maneno. Nikamuuliza anaandikia nani barua wakati sisi tunangoja. Akaeleza kwa adabu kwamba mashine yake haitumii Windows kama za wengine, inatumia Linux, ambayo ni ya bure na haisumbuliwi na virusi, na CD ikiingia lazima kwanza mashine iipachike mahali pake kwenye mafaili ndipo nyimbo zionekane, kwa kawaida inapachika yenyewe ila leo imekataa, kwa hiyo anajaribu kuipachika kwa kuiamuru. Mimi katika maelezo yote hayo nilishika neno moja, bure.

"Mlango inauona, bibi," akasema. "Ila inaniambia ndani hamna kitu."

"Hamna kitu? Nimeweka kwa mkono wangu huu."

"Ndiyo, nimekuona. Naomba niitoe niitazame kidogo."

"Haitoki mpaka iimbe."

Wenzangu, hapo ndipo nilipojimaliza. Angeitoa wakati ule, angeiona plasta, angeninong'oneza sikioni, tungecheka wawili tukaenda zetu. Lakini nilishasema, na mimi nikisema nimesema. Yule mwanamke akahangaika. Akaandika neno la siri la mwenye mashine ili amri ipite kwa nguvu, ikakataa. Akaizima akaiwasha. Akafungua ubavu wa mashine, akapuliza vumbi, akachomoa waya na kuuchomeka upya. Kila akimaliza jambo moja ananiomba, bibi, niitazame CD yenyewe, na kila akiomba natikisa kichwa. Halafu nikamwambia Ambokile, kwa sauti ya kutosha ili na walioko kibarazani wasikie, kwamba ndivyo inavyokuwa mtu akifanyia watu kazi kwa vitu vya bure. Mama Bupe akacheka. Zuhura akainamia tena waya zake.

Saa ikaenda. Dereva aliyemleta Ambokile akachungulia mara mbili, kwamba barabara ya Kisiba inateleza, asingependa giza limkute njiani. Ambokile alikuwa kwenye benchi, mikono yote miwili juu ya redio, amekaa kama mtu aliye kanisani. Akaniita taratibu.

"Shemeji, kama haiwezekani tuache. Kimya chake nimeshakizoea."

Hilo neno lilinichoma. Mzee wa watu ametoka Kisiba kote, kesho anaondoka na huenda asirudi tena Rungwe akiwa hai, na mimi ndiye niliyemwambia ni jambo dogo. Nikamgeukia Zuhura nikamwambia haya, itoe. Akabonyeza. Haikutoka. Akaandika amri ya kuitoa, ndani kukasikika kitu kinakwaruza, kisahani kikasogea upana wa ukucha na kurudi. Haitoki.

Badala ya kunyamaza, nikasema mashine imemeza CD ya marehemu, tena nikamtuma mmoja wa wenzangu amwite balozi wetu, ambaye nyumba yake iko hatua chache, aje ashuhudie, maana kumbukumbu ya mtu haiwezi kuharibika hivi hivi na watu wakatawanyika. Balozi akaja na mwavuli wake, akaukunja, akaomba aelezwe. Nikaeleza. Nilieleza vizuri sana, kwa mpangilio, na wale wa kibarazani wakasogea hadi mlangoni wasikose neno. Nilimaliza kwa kusema huyu dada angesema mapema kama kifaa chake kibovu.

Zuhura akasimama.

"Bibi, nimekusikiliza tangu ulipoingia," akasema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Sasa nakuomba unisikilize mimi, ni kitu cha dakika moja."

Akaizima mashine kabisa, akachomoa na umeme. Akachukua kibanio cha karatasi, akakinyoosha kikawa kama sindano, akanionyesha katundu kadogo chini ya ule mlango wa CD, kadogo hata usingedhani kana kazi. Akachomeka, akasukuma polepole. Kisahani kikatokeza. Akakivuta kwa vidole, kikaja kwa ubishi, na chini ya CD kukawa kunaning'inia kitu kirefu, cheupe, kimekunjamana, upande mmoja kimeshika CD na upande mwingine kimenata ndani ya mashine.

Akakibandua. Akakinyoosha juu ya meza. Balozi, ambaye ana desturi ya kusoma kwa sauti kila karatasi inayowekwa mbele yake, akarekebisha miwani akasoma kama anavyosoma matangazo ya mkutano: "Mama Lugano. Irudishwe."

Mama Lugano ni mimi.

"Irudishwe nini?" Ambokile akauliza. Mama Bupe alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga. "Shemeji, kimetoka nini huko?"

Mwenye macho ungemwonyesha kwa kidole yakaisha, lakini huyu ilibidi nimwambie kwa mdomo wangu.

"Plasta, shemeji."

"Plasta ya nani?"

"Ya kwangu. Niliibandika CD."

Akafikiri kidogo. "Kwani ilikuwa na kidonda?"

Basi. Watu walicheka, walioko ndani, walioko kibarazani, hata dereva wa Kisiba aliyekuwa anatukimbiza akakaa chini. Balozi aligeuka akatazama kalenda ukutani, mabega yanamtikisika. Zuhura peke yake hakucheka. Akaniita karibu, akanieleza taratibu kwamba nyimbo zinakaa upande ule unaong'aa, mashine inazisoma kwa mwanga kutokea chini, na pale karibu na tundu ndipo inapoanzia kusoma, pakizibwa inaona hamna kitu. Kumbe haikudanganya. Nilikuwa nimekwepa kumfunika Asajile uso, nikamfunika mdomo, halafu nikaja kumlaumu mtu kwamba haimbi.

Ndipo nikasema mbele yao wote. Nikasema, mwanangu Zuhura, nimekosa, nimekusema vibaya na mashine yako nimeisema vibaya, na balozi nimemsumbua bure kwenye mvua. Nikamwambia na Ambokile, ndaga, shemeji, asante kwa kunivumilia, nisamehe nimekuchelewesha. Zuhura akasema yamekwisha, bibi, ila gundi ndiyo haijakwisha, na kweli ilikuwa imeacha njia nyeusi juu ya CD. Safari hii nilimpa mwenyewe mikononi. Akaomba mafuta ya kula kidogo kwa mama anayekaanga vitumbua pale jirani, akalainisha ile gundi, akaifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, asizungushe, akaiosha kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, akaikausha. Akafuta na ndani ya mashine palipokuwa pamenata. Ilichukua muda na sikufungua mdomo. Mama Bupe anasema hajawahi kuniona nimenyamaza muda mrefu vile, na hapo hajaongeza kitu.

Mashine ikawashwa, CD ikaingia. Haikunguruma. Kikatokea kipicha kidogo cha CD kwenye kioo, Zuhura akasema imejipachika yenyewe, na nyimbo zikajipanga. Wa nane uligoma, pale plasta ilipokuwa imekwaruza. Tisa zikafunguka. Akauanzisha wa tatu, kwa sababu Ambokile aliomba huo.

Asajile katika wimbo ule aliwahi. Wenzake walikuwa bado wanavuta pumzi, yeye ameshaingia peke yake na lile lisauti lake, halafu wakamkuta mbele. Siku ya kurekodi walimlaumu sana. Ambokile aliposikia pale akainua uso juu kama mtu anayeona, akatabasamu mpaka meno aliyobakiwa nayo yakahesabika.

"Huyo," akasema. "Bado anawahi."

Akina mama wakaanza kuitikia taratibu, Mama Bupe naye, na wale wa kibarazani waliokuwa wakinicheka wakavua kofia. Zuhura akawa anahamishia nyimbo kwenye flashi huku zinaendelea kuimba. Alipomaliza akaichomeka kwenye redio ya Ambokile, akamwonyesha kitufe kwa kumshika kidole, akakijaribu, sauti ikatoka.

Ambokile akaniomba jambo la mwisho. Kwamba huko Sumbawanga nyumba ina wajukuu wengi, redio itazunguka, nimwekee ile alama yangu ili irudi kwake. Nikatoa plasta kwenye kikapu (ndiyo, ninatembea nayo), nikakata kipande, nikaandika AMBOKILE. Duka zima likanitazama mkono. Nikamgeukia Zuhura.

"Mwanangu, hii niibandike wapi?"

Akanionyesha mgongoni, mbali na spika. Nikabandika hapo hapo aliponionyesha.

Kesho yake nilimpelekea Zuhura mkungu wa ndizi, nikaukuta mlango wa CD wa mashine yake umebandikwa ile plasta yangu ya zamani, imenyooshwa vizuri, jina langu linasomeka tangu mlangoni. Nikamwambia aitoe. Akasema haitoki mpaka iimbe. Nikamwachia.

Ambokile anapiga simu kila Jumapili, na nyuma yake namsikia Asajile anawahi. Vyombo vyangu vya msibani bado naviwekea plasta, hilo siachi. Ila kitu chochote chenye upande usio na picha wala neno, upande ninaouona mimi hauna kazi, sitaubandika tena kabla sijamuuliza anayejua, na akiniomba akitazame kidogo, nitampa.