Fundi Antena na Mlingoti Wake

Mtaani walimwita Fundi Antena, na ilikuwa nadra kupata paa ambalo hajawahi kulikanyaga. Lakini mganga hajigangi: antena mbovu kuliko zote mtaani ilikuwa yake mwenyewe. Mlingoti ulilegea, waya uliungwaungwa, na picha nyumbani kwake ilikwama kila upepo ulipovuma. Mkewe akilalamika, jibu lilikuwa moja: "Kesho, mke wangu." Kesho hiyo haikufika.

Jioni ile mkewe hakulalamika. Alikaa mbele ya televisheni akilia kimyakimya. Jirani alikuwa amewaletea habari kwamba binti yao angehojiwa kwenye kipindi cha wanawake wafanyabiashara, na sasa kipindi kinaanza, kioo kimeandika kwamba hakuna mawimbi. Binti huyo ndiye mtoto wao pekee. Aliolewa na mwanamume ambaye baba hakumtaka, baba akamfungia mlango, naye akaenda zake moja kwa moja. Hata namba ya simu alibadilisha. Mama alikuwa ameanza kuisahau sauti ya mwanawe, na hilo lilimuuma kuliko yote.

Fundi alikagua king'amuzi, akachomoa waya na kuuchomeka tena. Akakata ncha iliyoshika kutu, akauchuna waya upya, akaufunga. Wapi! Akachukua ngazi, akapanda na magoti yake mabovu. Huko juu ndipo alipoona kiini cha tabu: ghorofa jipya ng'ambo ya barabara lilikuwa limeziba njia ya mawimbi, naye, fundi mzima, alilipita kila siku bila kuwaza.

Akaufungua mlingoti, akaunyanyua kwa mikono miwili juu ya kichwa.

"Vipi?" akauliza.

"Bado!" mkewe akajibu kutoka dirishani. "Geuza kidogo. Hapo! Aa, umepitiliza, rudisha! Hapo hapo!"

Akajaribu kuushusha auegemeze mahali.

"Imekwama, mzee! Nyanyua!"

Basi ikabidi mlingoti awe yeye. Jasho likamwingia machoni, na mpita njia mmoja hakukosa la kusema: "Fundi, leo umeajiriwa kuwa nguzo?"

"Ni yeye!" mkewe akapiga kelele. "Jamani, mwanangu! Amenenepa!"

Fundi akacheka peke yake juu ya bati. "Ongeza sauti, na mimi nisikie!"

Sauti ikapanda, safi kabisa, haikukatika hata mara moja. Binti alieleza alivyoanza na cherehani ya kuazima, hadi leo ana mafundi wake. Mtangazaji akamuuliza kama wazazi walimsaidia.

"Wazazi wangu walishafariki," akasema. "Wote wawili."

Nguvu zikamwisha fundi, mlingoti ukaanza kuinama. Kuzikwa yeye aliona ni haki yake. Lakini mama wa watu, ambaye hakumfungia mtu mlango, naye kaingizwa kaburi lile lile, na aliyemwingiza ni mumewe.

"Mzee," mkewe akaita kutoka dirishani, sauti imempasuka. "Usishushe. Bado anaongea."